Kunasa si Kufyonza: Makaa, Sumaku na Maji ya Rangi

Rangi ya nguo ikishayeyuka majini haichujiki kwa kitambaa, wala haizami chini maji yakiachwa yatulie. Baadhi ya rangi hizo huonekana kwa macho hata zikiwa chini ya miligramu moja katika lita moja ya maji. Zinapozidi, mwanga wa jua hushindwa kupenya na mimea ya majini hudhoofika. Tena zipo zile ambazo, zikivunjikavunjika katika tope lisilo na hewa, huacha kemikali zinazoweza kuudhuru mwili wa binadamu. Pamba nayo haikubali kushika rangi yote inayotiwa katika pipa. Daima ipo sehemu inayobaki majini, na maji hayo lazima yaende mahali.

Mji wa Eldoret una kila sababu ya kulifikiria jambo hili. Ni mji wenye historia ya nguo, na Mto Sosiani unapita katikati yake. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha Rivatex ili kiwe mahali pa uzalishaji, mafunzo na utafiti kwa pamoja. Hatudai hapa kwamba kiwanda fulani kimeuchafua mto fulani. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo nguo hutiwa rangi, swali la maji ya rangi haliwezi kuepukwa, na kwamba wengi wanaopaswa kulielewa jibu lake, yaani wafanyakazi wa mitamboni na wakazi wa kando ya maji, huzungumza Kiswahili kazini na sokoni.

Makala haya yanaeleza jibu mojawapo: unga wenye vinyweleo uliotiwa usumaku, ambao wanakemia wameujifunza kwa kuyaiga maumbile. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba katika ufafanuzi wa jambo hili upo mkanganyiko wa maneno mawili ya Kiswahili ambao, usiporekebishwa, unaweza kumfanya mtu amwage sumu akidhani amemwaga majivu.

Makaa ya kibuyuni

Msomaji aliyeishi pande hizi anaifahamu mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kabla ya maziwa kutiwa, kibuyu huandaliwa kwa makaa. Mara nyingi huchukuliwa kijiti cha mti uitwao senetwet, huchomwa, na kaa lake likasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zote zikafunikwa na unga mweusi. Ndipo maziwa yakapata ile rangi ya kijivujivu na ladha ambayo mgeni huishangaa kwanza na kuizoea baadaye. Hatuna nia ya kuigeuza mursik kuwa somo la kemia. Ina heshima yake na haihitaji kutetewa na maabara. Lakini yeyote anayetaka kujua kinyweleo ni nini na aanze na kaa lile.

Mti ulipokuwa hai ulikuwa na mirija myembamba ya kupandisha maji kutoka mizizini. Unapochomwa pasipo hewa ya kutosha, maji na mafuta yake hutoka, kaboni ikabaki, na mirija ile hubaki wazi. Kwa hiyo kaa ni mti uliosalia umbo bila mwili. Kuta za matundu yake huwa na matundu madogo zaidi, na hayo nayo huwa na mengine yasiyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Makaa yakichomwa tena kwa mvuke au kwa kemikali ili matundu hayo yafunguke zaidi, huitwa makaa amilifu. Gramu moja ya makaa amilifu mazuri yaweza kuwa na eneo la kuta lifikalo mita za mraba 1,000. Uwanja wa kandanda wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mita za mraba 7,140. Hivyo basi, gramu saba tu za unga huo, kiasi kinachoweza kukaa katika kiganja cha mtoto, zina kuta ambazo zingetandazwa zingekaribia kuufunika uwanja mzima.

Eneo hilo ndilo linalofanya kazi. Chembe ya rangi inapopita majini hukutana na ukuta wa kinyweleo, ikashikwa hapo juu ya ukuta. Haimezwi. Haigeuki kuwa kaa. Imenata tu, kama ndege aliyetua kwenye ulimbo.

Hapa ndipo lugha inapoanza kutusumbua. Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika maandishi mengi ya kitaaluma, tendo hili huelezwa kwa kitenzi kufyonza. Lakini kufyonza ni kazi ya sifongo na ya ardhi kavu wakati wa mvua: kitu huingia ndani ya mwili wa kingine na kuenea humo. Kaa haliifyonzi rangi kwa maana hiyo. Tunapendekeza tendo hili liitwe kunasa, nomino yake ikiwa unasaji, na kufyonza kuachiwe maana yake ya asili. Tutaona hivi punde kwamba pendekezo hili si la kutafuta ubishi wa wanaisimu.

Mbali na makaa, nchi hii ina hazina nyingine ya vinyweleo. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil na Ziwa Elmenteita, kuna machimbo ya udongo mweupe mwepesi uitwao dayatomaiti. Mahali penyewe panajulikana zaidi na wanahistoria, kwa sababu Louis Leakey alichimbua hapo shoka za mawe za binadamu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Udongo ule si udongo hasa. Ni mabaki ya mimea ya majini yenye seli moja, ijulikanayo kama dayatomu, ambayo hujijengea gamba la silika, yaani jamii ya kioo, lililotobolewa kwa mpangilio wa kustaajabisha. Ziwa lilipokauka, magamba hayo yalibaki tabaka juu ya tabaka. Dayatomaiti hutumika kuchujia vinywaji, bia ikiwemo. Hata hivyo vinyweleo vyake ni vipana na eneo la kuta zake ni dogo mno likilinganishwa na la makaa amilifu, kwa hiyo huzuia takataka na vijidudu kuliko inavyonasa rangi iliyoyeyuka. Kila umbile lina kazi yake.

Tatizo la unga

Kadiri kaa linavyosagwa kuwa unga laini ndivyo linavyonasa rangi kwa haraka, kwani rangi haihitaji kusafiri mbali ili kuufikia ukuta wa ndani. Na kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo unavyokataa kuzama. Mtu aliyemwaga vumbi la makaa katika ndoo ya maji anajua: maji yatakaa meusi kutwa nzima. Ukichuja kwa kitambaa, unga mwingine hupita na mwingine huziba kitambaa. Kwa hiyo mtaalamu huyu ameondoa rangi majini na mahali pake akaweka masizi.

Suluhisho lililotafutwa ni kuufanya unga wenyewe uitike unapoitwa. Ukiwa na chembe za sumaku ndani yake, unga hukorogwa majini mpaka umalize kazi, kisha sumaku huegemezwa ubavuni mwa chombo. Unga wote husogea upande huo na kukusanyika. Maji safi humiminwa, unga ukabaki. Hakuna kitambaa cha kuziba wala siku ya kungojea.

Chuma kinachofaa zaidi ni ile oksidi nyeusi iitwayo magnetaiti, ambayo kila kipande chake kina atomu tatu za chuma kwa nne za oksijeni. Ina sifa moja yenye manufaa makubwa. Chembe zake zikiwa ndogo sana, chini ya takriban nanomita 20 (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huwa hazina usumaku wa kudumu. Sumaku ikikaribia, nazo huwa sumaku, ikiondolewa, huacha. Twaweza kuuita usumaku wa kuazima. Bila sifa hiyo chembe zingeshikana zenyewe kwa zenyewe na unga ungegeuka madonge kabla ya kuifikia rangi.

Meno ya mnyama na dira ya bakteria

Je, chuma kitawekwaje ndani ya vinyweleo bila ya kuviziba? Mambo mawili ya kimaumbile yaliwafumbua macho wataalamu.

La kwanza ni la mnyama mdogo wa miamba ya pwani, wa jamii pana ya konokono na chaza, mwenye magamba manane mgongoni, aitwaye kwa lugha ya kisayansi kitoni. Hula kwa kukwangua mwani juu ya mawe, na meno ya kawaida yangeisha upesi. Mwaka 1962 mtafiti Heinz Lowenstam alionyesha kwamba meno ya mnyama huyu yamevikwa magnetaiti. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba madini hayo hutokea tu kwa joto kali la miamba. Kitoni huyatengeneza katika maji ya bahari, bila tanuri. Kinachotufaa zaidi ni utaratibu wake. Kwanza hutengeneza kiunzi cha jino kwa kitini, dutu ileile ya gamba la kamba na la mende. Kisha huleta chuma na kukiweka juu ya nyuzi za kiunzi hicho kikiwa katika umbo la kutu laini, na baadaye kutu hiyo hugeuka magnetaiti.

Anayejua kujenga nyumba ya udongo hahitaji maelezo zaidi. Nguzo na fito husimamishwa kwanza, kisha ndipo watu huitwa kukandika. Hakuna anayeumba ukuta wa udongo halafu akachomeka fito.

La pili ni la bakteria. Mwaka 1963 Salvatore Bellini wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, aliandika kuhusu bakteria wanaoogelea kuufuata uga wa sumaku wa dunia, lakini maandishi yake hayakusambaa. Mwaka 1975 Richard Blakemore, akichunguza tope huko Massachusetts, Marekani, aliwagundua upya na kuutangazia ulimwengu. Ndani ya bakteria hao mmekuwa na chembe za magnetaiti zilizopangwa mstari mmoja kama shanga, kila chembe ikiwa ndani ya kifuko chake. Mstari huo ni dira: huwaelekeza chini, kwenye tope lenye oksijeni kidogo wanakopenda kuishi. Wale wa kaskazini ya dunia hufuata upande mmoja wa dira na wale wa kusini hufuata upande wa pili. Karibu na ikweta ya sumaku, ambako uga umelala sambamba na ardhi, hupatikana wa aina zote mbili. Funzo lao kwa wanakemia ni kile kifuko. Chembe hukua mpaka zikijaze na hapo hukoma, kwa hiyo zote hulingana ukubwa. Kinyweleo cha makaa chaweza kufanya kazi hiyohiyo ya kifuko.

Magunzi na miwati

Baada ya hayo tuje kwenye utengenezaji wenyewe. Uasin Gishu ni ghala la mahindi, na kila msimu wa mavuno huacha milima ya magunzi ambayo mengi huishia jikoni au kuchomwa shambani. Gunzi ni kiunzi kilicho tayari. Husagwa, hulowekwa katika maji yenye kloridi ya chuma, hukaushwa, kisha huchomwa katika chombo kilichofungwa hewa kwa joto la kati ya nyuzi 400 na 700 za selsiasi. Moto huo hufanya kazi mbili kwa mpigo: gunzi hugeuka kaa lenye vinyweleo, na chuma kilichopenya katika mirija yake hugeuka oksidi yenye usumaku. Joto likizidi mno, kaboni huinyang'anya oksidi hiyo oksijeni yake na chuma kitupu hubaki. Gugu maji, lililoivamia Ziwa Viktoria tangu miaka ya mwisho ya 1980, limefanyiwa majaribio ya namna hii katika nchi mbalimbali, na vivyo hivyo maganda ya kahawa na ya karanga.

Njia ya pili haihitaji moto mkali. Chumvi mbili za chuma huyeyushwa pamoja kwa uwiano wa moja kwa mbili, makaa hutiwa humo, kisha amonia au haidroksidi ya sodiamu huongezwa kidogo kidogo huku mchanganyiko ukikorogwa. Ghafla maji huwa meusi tititi: magnetaiti imezaliwa, nyingine ndani ya vinyweleo na nyingine nje. Njia hii ya kuzalisha magnetaiti katika maji ilipata umaarufu kutokana na kazi ya Mfaransa René Massart ya mwaka 1981.

Wapo pia wanaotumia maji ya majani au magome badala ya kemikali za dukani. Kwa miaka mingi kampuni ya EATEC hapa Eldoret ilitoa tanini katika magome ya miwati ili itumike kulainisha ngozi. Tanini ina mapenzi makubwa na chuma. Vikikutana huwa vyeusi, na weusi huo ndio uliokuwa wino wa Ulaya kwa karne nyingi. Majani ya chai ya Nandi na Kericho nayo yana dutu za jamii hiyo. Hata hivyo msomaji na awe mwangalifu. Si kila kitu cheusi kinachotokea baada ya kuchanganya chai na chumvi ya chuma huwa magnetaiti. Mara nyingi ni wino tu, yaani chuma kilichofungamana na tanini, na sumaku haitakijali. Kipimo cha kwanza ni kuleta sumaku. Inachekesha kwamba baadhi ya maandishi yanayosifu njia hii ya kimaumbile hulipa jina la "kijani" hata pale ambapo matokeo yake hayajapitia kipimo hicho chepesi.

Tena kuna mvutano ambao haujatatuliwa kikamilifu na njia yoyote. Kila chembe ya chuma inayoingia katika kinyweleo hukalia nafasi ambayo rangi ingenaswa. Chuma kikiwa kidogo, unga huitikia sumaku kwa uvivu. Kikiwa kingi, unga huikimbilia sumaku lakini umebeba rangi kidogo. Magnetaiti ni nzito, kiasi cha mara tano ya maji, nayo makaa ni mepesi. Kwa hiyo gramu ya unga uliojaa chuma ina kuta chache kuliko gramu ya kaa tupu. Kitoni hakukumbana na mvutano huu kwani alihitaji ugumu tu. Mwanakemia anahitaji nyumba iliyokandikwa na bado ibaki na madirisha.

Neno na matokeo yake

Turudi kwenye kunasa na kufyonza. Tuchukue mfanyakazi aliyekabidhiwa unga uliotumika, umekusanywa kwa sumaku, maji yakamwagwa yakiwa meupe. Akiambiwa kwamba rangi imefyonzwa, atafahamu kwamba rangi imekwisha, kama vile maji ya mvua yalivyokwisha ardhini. Atautupa unga ule nyuma ya kiwanda, na hatakuwa na hatia, kwa kuwa lugha ndiyo iliyompoteza. Akiambiwa kwamba rangi imenaswa, atauliza swali la maana: je, inaweza kunasuka?

Inaweza. Rangi nyingi hushikwa na ukuta wa kinyweleo kwa mvuto baina ya chaji za umeme. Maji yakibadilika asidi yake, mvuto hulegea na rangi hurudi majini. Ndivyo wataalamu wanavyouosha unga ili utumike tena: huutia katika maji yenye alikali au katika alkoholi, rangi ikanasuka, wakaukusanya unga kwa sumaku na kuuanza upya. Kila mzunguko hupunguza nguvu zake kidogo. Uzuri huo wa maabara ndio ubaya wake nje ya maabara, kwa maana sabuni na majivu ni alikali, na mvua inayopita juu ya jalala lenye majivu yaweza kuinasua rangi iliyokuwa imenaswa kwa gharama kubwa. Asidi kali nayo huiyeyusha magnetaiti yenyewe, chuma kikaingia majini na unga ukapoteza usumaku wake.

Kiswahili hakikosi nyenzo za kuyaeleza haya. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, si lugha ya taifa tu. Familia ya kitenzi nasa inatupa karibu kila tunachohitaji: kunasa ni kazi ya ukuta, kunaswa ni hali ya rangi, kunasuka ni rangi kujitoa, kunasua ni kazi ya alikali, kinasi chaweza kuwa unga wenyewe, na unaswaji ukahesabiwa kwa miligramu za rangi katika gramu moja ya kinasi. Kufyonza hakuzai kinyume kinachoeleweka vizuri. Nani amewahi kusikia mvua "ikifyonzuliwa"? Unga wa magunzi uliotiwa chuma tungeuita makaa-sumaku, ingawa tutafurahi tukipingwa na mwenye jina bora.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wanakemia na kwamba sisi wa Kiswahili tungebaki na fasihi na sarufi yetu. Lakini mwanakemia huandika ripoti yake kwa Kiingereza na kuipeleka kwa mwanakemia mwenzake. Bango la kutundikwa kwenye chumba cha maji taka haliandikwi na yeye. Likiandikwa na mtu aliyefungua kamusi ya kawaida na kuchukua neno la kwanza alilolikuta, litasema kwamba unga umefyonza rangi. Lingepaswa kusema: unga huu umenasa rangi, usiuoshe mtoni, usiuchanganye na majivu wala sabuni, uweke katika pipa lenye mfuniko mpaka uchomwe katika tanuri au urudishwe kunasuliwa.